Ramani ya Msondo na Sikinde ya ukutani: jibu refu kwa mleta mada wa Newala

Mleta mada yuko Newala, anataka kumtengenezea mjomba wake zawadi ya kustaafu: picha ya ukutani ya mtindo wa zile ramani za treni za mijini, zenye mistari ya rangi na vituo, ila ndani yake iwe historia ya bendi ya dansi ya Msondo Ngoma. Ameuliza aanzie wapi, vituo viwe nini, na kama huku kwetu kuna pa kuichapa. Mimi nafanya usanifu na uchapaji hapa Mtwara mjini, na ramani za bendi za dansi nimezichora, ikiwamo ya Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, kwa pamoja. Najibu kwa kirefu kwa sababu hilo swali la vituo viwe nini ndilo kazi yenyewe. Watu hulipita mbio wakakimbilia kuchagua rangi, halafu mchoro unakuwa mzuri wa kutazama na hausemi kitu.

Ramani za namna hii zinazouzwa Ulaya na Marekani mara nyingi hufanya hivi: kila mstari ni mwanamuziki au aina ya muziki, na kila kituo ni albamu au wimbo. Kwao inakubali, kwa sababu bendi zao zilitoa albamu kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na tarehe ya kutoka inajulikana. Ukichukua utaratibu huo ukauweka juu ya Msondo, utakwama. Miaka ya 60 hadi 80 bendi zetu zilirekodi nyimbo studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), tepu zikabaki redioni, na sisi tukazisikia hewani. Nyingine zilitoka kwenye santuri zilizotengenezwa Kenya. Albamu kwa maana ya wenzetu zilikuwa chache sana. Kwa hiyo ramani ya albamu itakuwa tupu hasa kwenye miaka ambayo bendi ilikuwa moto, na itajaa kwenye miaka ya kaseti na sidii. Mjomba ataiangalia na kushangaa ujana wake umekwenda wapi.

Ushauri wangu, na hapa sibadilishi msimamo: mstari uwe mwanamuziki, kituo kiwe bendi.

Sababu iko kwenye namna bendi zetu zilivyoendeshwa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya chama, wapigaji walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU, mpaka ilipokuja kujitegemea na kubaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 ikiwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC Mlimani Park. Mwanamuziki aliyeondoka aliacha gitaa, spika, jina la bendi na mara nyingine hata nyumba. Aliondoka na sauti yake, vidole vyake na mashabiki wake. Bendi ilibaki pale pale, mtu ndiye aliyesafiri. Ukilielewa hilo, ramani inaanza kujichora yenyewe.

Chukua mstari wa Muhidin Maalim Gurumo. Kabla ya NUTA alipitia Kilwa Jazz, bendi iliyokuwa Dar es Salaam chini ya Ahmed Kipande. Kwa mjomba wa kusini kituo hiki kiwekee jina kubwa, maana jina la Kilwa limesimama hapo mapema katika safari. Mwaka 1964 anaingia NUTA. Mwaka 1978 anakwenda Mlimani Park. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye bendi ya Safari Sound, anawavuta yeye, Abel Balthazar na wenzao waanzishe International Orchestra Safari Sound, na Sikinde inabaki na pengo. Baadaye Gurumo anarudi Msondo na kukaa mpaka alipostaafu mwaka 2013. Alifariki Aprili 2014. Ukiuchora, mstari huu unatoka kushoto, unapanda kulia, unashuka, na kurejea ulikotoka. Mtu asiyejua hata wimbo mmoja atauona mzunguko huo kabla hajasoma neno.

Sasa weka pembeni yake mstari wa Hassan Bitchuka, ambao umevuka kati ya kambi hizi zaidi ya mara moja. Halafu weka wa Saidi Mabera, mcharaza gitaa la solo wa Msondo, unaokwenda umenyooka miongo na miongo bila kupinda. Hiyo mistari mitatu tu inaeleza mambo ambayo kurasa kumi za maelezo zingeyazungukazunguka. Mstari ulionyooka una utukufu wake, na nakuomba usiufiche pembeni kwa kuwa hauna mikunjo. Mimi huupitisha katikati ya ramani na mingine yote hujikunja kuuzunguka.

Upande wa Sikinde kuna Michael Enoch, aliyeitwa King, ambaye mstari wake unaanzia mbali, kwenye Dar es Salaam Jazz aliyoiongoza miaka ya 60. Kuna Cosmas Chidumule, ambaye baadaye aliuacha muziki wa dansi akaenda kwenye injili; mstari wake uachie utoke nje ya ramani, usiufunge kwa alama ya mwisho wa njia, kwa sababu safari haikuishia hapo. Kwa TX Moshi William, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na Msondo, hapo ndipo pa kuweka kile kijistari cha kukata njia. Watu wa dansi wakifika hapo hunyamaza kidogo, nimewaona.

Makutano ni zile duara nyeupe zenye ukingo mweusi. Kwa mtu wa kusini ni rahisi kuyaeleza: ni kama Mnazi Mmoja pale Mingoyo, ambapo anayekwenda Masasi anaachana na anayekuja Mtwara, na wa Lindi naye anaelekea kwake. Weka duara pale tu ambapo watu walikutana wakapiga pamoja na kisha wakaachana. Bendi ambayo mtu mmoja tu wa kwenye ramani yako aliipitia ipewe kijino kidogo pembeni ya mstari, inatosha. Ukiweka duara kila mahali hakuna kitu kitakachoonekana kuwa kikubwa.

Kuhusu mtindo wenyewe wa uchoraji, inafaa ujue ulikotoka, kwa sababu kanuni zake zitakuokoa. Ramani ya treni za chini ya ardhi ya London tunayoiiga wote ilibuniwa na Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme, mwaka 1931. Wakubwa zake waliikataa kwanza, kisha ikatolewa kwa abiria mwaka 1933. Beck aliona kwamba abiria akiwa chini ya ardhi hana haja ya kujua umbali halisi. Anataka kujua kituo kipi kinafuata na abadilishie wapi. Akanyoosha mistari yote iwe ya wima, ya mlalo au ya kukata kona nyuzi 45, akapanua katikati ya mji ambako vituo vimebanana, akabana pembezoni ambako viko mbali mbali. Kitu pekee cha juu ya ardhi alichokiacha ni mto Thames.

Nimechukua mambo mawili kwake moja kwa moja. La kwanza ni kupanua katikati. Historia ya dansi ina katikati yake, nayo ni kati ya 1978 na 1986 hivi. Ukigawa karatasi sawasawa kwa miaka, kipindi hicho chote kitakaa kwenye upana wa vidole vichache na mistari itajazana mpaka isisomeke. Mimi hukipa karibu nusu ya karatasi. Miaka ya 60 hukaa theluthi ya mwanzo na kuanzia 1990 hubanwa mwishoni. Andika mwaka kwa herufi ndogo chini ya kila makutano, basi, hakuna atakayepotea.

La pili ni mto. Kwenye ramani yangu mto ni RTD: ukanda mpana wa buluu hafifu unaopita chini ya mistari yote, tangu mwanzo hadi miaka ya 90 unapoanza kuwa mwembamba, studio na redio binafsi zilipoingia. Kila bendi ilivuka hapo. Wazee wa Mikindani niliowaonyesha rasimu waliuelewa mto huo bila kuelezwa, wakaanza kutajiana wimbo upi ulikuwa ukipigwa saa ngapi.

Wapo watakaokuambia huku hatuna treni, kwa hiyo watu hawataisoma. Si kweli. Wazee wetu wameiona reli, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza iliyounganisha bandari ya Mtwara na Nachingwea. Mradi wenyewe uliachwa mwaka 1951 na reli ikaja kung'olewa miaka ya 60. Vijana waliokaa Dar wamezoea ramani za mabasi ya mwendokasi tangu 2016. Weka tu ufunguo mdogo kona ya chini: rangi hii ni nani, duara ni nini, kijino ni nini.

Nyimbo ziwekwe au zisiwekwe? Ziweke chache, kwa herufi ndogo zilizoinama, kando ya bendi ambako ziliimbwa. Chagua zile anazozipenda mjomba, hata kama si maarufu. Ni zawadi yake.

Kuchora, anza kwa penseli kwenye karatasi ya grafu. Usiguse kompyuta mpaka mistari yote imepita bila kukatana ovyo, kwa sababu kwenye kompyuta utashawishika kupamba kabla hujapanga. Kisha tumia Inkscape, programu ya kuchorea ya bure, na kwa kuwa inachora kwa vekta unaweza kuipanua picha kadiri utakavyo bila kuchakaa. Washa gridi, bana pembe kwenye nyuzi 45. Kwa karatasi ya A3 mstari wa milimita 3 unapendeza, na maandishi yasishuke chini ya pointi 7. Majina yote yaandikwe kwa mlalo na yasikanyage mstari. Rangi zisizidi nane. Nyekundu na kijani usizipitishe sambamba, kuna watu wengi, hasa wanaume, macho yao hayazitofautishi.

Usitumie duara jekundu lenye ukanda wa buluu wala herufi zile za London, hizo ni mali ya mamlaka ya usafiri ya kule na wanazilinda. Herufi yoyote nyoofu isiyo na mapambo itafanya kazi. Majina na miaka ya historia ni yako kuyatumia kwenye zawadi ya nyumbani. Ukitaka kuziuza ukiwa na jina la bendi na picha za wanamuziki, ongea na bendi yenyewe kwanza na uulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Msondo na Sikinde ni bendi zenye watu wanaoishi kwa kazi hiyo, na heshima hiyo wanatudai wote tunaowapenda.

Kuchapa: A3 inapatikana steshenari nyingi hapa mjini, chagua karatasi nzito ya gramu 200 au zaidi, isiyong'aa. Ukubwa zaidi ya hapo utaambiwa uchape kwenye flex ya mabango. Kataa. Ile imetengenezwa kuonwa kutoka barabarani, majina madogo yatakuwa na ukungu na taa ya sebuleni itang'aa juu yake. Njia ninayoipenda ni kuchapa A3 mbili: ya kushoto Msondo, ya kulia Sikinde, zikae kwenye fremu mbili bega kwa bega ukutani. Mistari ya 1978 itoke kwenye fremu ya kwanza, iruke ukuta, iingie ya pili kwa kimo kile kile. Pima kwa makini kabla ya kuchapa, milimita mbili tu zikipishana jicho linaona. Lakini zikikaa sawa, ile nafasi tupu ya ukuta katikati inakuwa sehemu ya hadithi: hapo ndipo walipohama.

Mwambie fundi wa fremu aweke kijiti chembamba kati ya karatasi na kioo, zisigusane. Unyevu ukiingia karatasi hunata kwenye kioo na wino hutoka nayo. Sisi wa pwani chumvi inatusumbua, ninyi wa Newala ukungu wa asubuhi. Mgongo wa fremu uzibwe kwa karatasi ya gundi pande zote, na isitundikwe mkabala na dirisha la jua la mchana.

Na usiipakie kwenye basi ikiwa imeshafungwa kioo. Chapa Mtwara, viringisha karatasi kwa ulegevu ndani ya kipande cha bomba la plastiki la inchi nne, ziba pande mbili, na fremu zikafungwe huko huko Newala.