Jibu: Nimeacha nyama na maziwa, mbona mzani umegoma?

Habari ndugu. Umesema una wiki sita bila nyama, mayai wala maziwa, kilo tatu zikatoka mwanzoni, kisha mzani ukagoma. Mimi nami ulinigomea hapohapo.

Anza na chupa ya mafuta. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120, na mimi nilikuwa namimina moja kwa moja kwenye sufuria nikijiambia ni kidogo tu. Siku nilipopima, vilitoka vijiko vinne. Kalori 480 kabla hata kitunguu hakijaingia! Sasa vitunguu naviivisha kwa maji: sufuria ikishika moto natia vijiko viwili, nakoroga, yakikauka naongeza. Siku za mwanzo ladha inapwaya kweli, utazoea.

Pili, karanga. Ni chakula kizima, yaani hakijakobolewa wala kusindikwa, sawa, lakini gramu 100 zina kalori karibu 570, wakati viazi vya kuchemsha vya uzito huohuo havifiki 100. Konzi moja yatosha, tena usile huku unachezea simu.

Juisi acha, kula tunda lenyewe. Maharage na dengu usipunguze, ndiyo yanayoshibisha.

Halafu vitamini B12: mimea haikupi ya kutosha, kwa hiyo meza kidonge, hapo hakuna mjadala. Hujasema kama unatumia dawa za kisukari au presha. Kama ndiyo, mwambie daktari wako mapema, maana uzito ukishuka dozi huenda ikabidi ipunguzwe.