Ghala la halmashauri: muhuri wa mtaa unaweza kuliuza?

SWALI: Shikamoo mama. Mtaani kwetu hapa Lindi mjini kuna ghala la zamani la halmashauri, limekaa tu tangu tuko watoto, watu wanaanika dagaa pale nje na wazee wanacheza bao. Juzi kaja mtu na kamba anapima, anasema kauziwa na mwenyekiti wa mtaa na karatasi yenye muhuri anayo. Inakuwaje hii?
Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza watu wengi wanachanganya serikali ya mtaa na halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa hana ardhi ya umma ya kuuza, muhuri wake unamtambulisha mkazi, sio kuhamisha mali, kwa hiyo huyo mnunuzi mwambieni mapema kabla hajamwaga mchanga, manake hela yake itapotea na yeye pia ana watoto.

Mwenye mali ni halmashauri, na yenyewe haiuzi kimyakimya. Lazima baraza la madiwani likae liamue, jengo lifanyiwe uthamini, halafu itangazwe zabuni watu washindane, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imegusa mpaka kuuza mali za umma, sio kununua tu kama watu wanavyodhani. Sasa nyie nendeni kwa diwani wenu muulize, kikao gani kiliamua? Tunaomba muhtasari. Vikao vya baraza viko wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza. Wakiwazungusha andikeni barua kwa mkurugenzi, mtaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inampa yeye mkurugenzi siku 30 awajibu. Nakala mbaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa, hiyo msisahau kabisa.

Ingekuwa kijijini ni tofauti kidogo, kule Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali, yaani nyie wenyewe mliokaa chini ya mwembe.

SWALI: Mama, sisi kikundi cha akina mama Mikindani tunataka jengo bovu la halmashauri tukaangie karanga na korosho. Tuombe tuuziwe?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Msiombe kuuziwa wanangu, ombeni kupangishwa. Nasema hivi kwa uchungu kabisa, viwanda vya korosho vya huku kwetu vilivyojengwa miaka ya 1970 serikali ikaja kuvibinafsisha, vingine vikageuka maghala tu, na korosho zikaendelea kupanda meli zikiwa ghafi, wabanguaji wetu wakabaki bila kazi. Kitu kikishauzwa kukirudisha ni mbinde. Hapohapo Mikindani mnalo Boma, walilijenga Wajerumani 1895, lilikuwa gofu, shirika la Uingereza likalikodi likalitengeneza likawa hoteli, na halikuuzwa. Kwa hiyo andikeni barua kwa mkurugenzi nakala kwa diwani, semeni mtalikarabati wenyewe na gharama ya ukarabati ikatwe kwenye kodi, muombe miaka mitano au zaidi, manake mkipewa mwaka mmoja mtaezeka paa halafu atakuja mwingine akae. Na mkataba usomwe kwa sauti mbele ya kikundi chote kabla katibu hajasaini.