Mawazo yakizidi, toka nje kwanza
Pole sana ndugu yangu. Umesema usiku hulali, unawaza kazi na yale maneno mliyorushiana na mwenzako, na ukijilazimisha kuacha ndo yanazidi. Hiyo hali naijua vizuri mno.

Mi ningekwambia toka nje, ila simu iache nyumbani, tafuta sehemu yenye miti au maji, hata bustani ndogo inatosha, alafu tembea polepole bila kujilazimisha kutafuta jibu lolote. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2015, watu walitembea dakika 90 kwenye majani na miti, waliporudi ile tabia ya kurudiarudia mawazo mabaya ikawa imepungua, ila wenzao waliotembea pembeni ya barabara yenye magari haikupungua. Kwa hiyo sio mazoezi tu, mahali penyewe panachangia.

Mimi kilichonisaidia ni mti mkubwa. Nilikaa chini yake na hasira zangu, nikawa naangalia sisimizi wanapanda wanashuka, nikawaza huu mti ulikuwepo kabla sijazaliwa, umepigwa mvua na jua miaka yote hiyo, na kweli tatizo langu halikuisha ila likapungua ukubwa, nikapata nguvu ya kupiga simu niliyokuwa naikwepa wiki nzima.

Anza na nusu saa, mara mbili tatu kwa wiki. Na usingizi ukiendelea kugoma wiki kadhaa, tafadhali muone daktari pia, usisubiri.