Gari la Kesho Si Gari la Kuanzia: Ushauri kwa Wageni wa Gemu za Mbio

Ukianza kucheza gemu za mbio za magari, hutakawia kukutana na magari ambayo barabarani hayapo na huenda yasiwepo kamwe. Gran Turismo, mfululizo wa gemu za mbio za PlayStation, imejaa magari hayo: magurudumu yamefunikwa, kioo kimejikunja kama cha ndege ya kivita, na mlango huoni uko wapi. Utawasikia wachezaji wazoefu wakiyabishania. Wapo wanaosema yanakula nafasi ya magari halisi, na wapo wasiotaka kuendesha kitu kingine. Mimi nayapenda, ila kwa sharti moja ambalo mgeni ni vizuri ulijue mapema: kabla ya kulisifu au kulikejeli, uliza limeondolewa kanuni gani. Gari lenye jibu la swali hilo lina la kukufundisha. Lisilo na jibu ni pambo la gereji.

Chukua Red Bull X2010, iliyokuja na Gran Turismo 5 mwaka 2010. Kazunori Yamauchi, muasisi wa Gran Turismo, alitaka kujua gari la mbio lenye kasi kuliko yote lingekuwaje kama kanuni zote za mashindano zingewekwa kando. Akashirikiana na Adrian Newey, mhandisi ambaye magari yake yametwaa mataji mengi ya Formula 1. Zikafunikwa tairi, kwa sababu tairi iliyo wazi huvuruga hewa. Akafunikwa dereva pia. Kisha ikawekwa feni ya kufyonza hewa iliyo chini ya gari, ili gari ling'ang'anie lami hata likienda polepole.

Anayesema feni ile ni ndoto ya watoto hajasoma historia. Mwaka 1970 Chaparral 2J ilikimbia katika mashindano ya Can-Am ikiwa na feni mbili nyuma, na baadaye muundo huo ukapigwa marufuku. Mwaka 1978 Niki Lauda alishinda Grand Prix ya Uswidi akiendesha Brabham BT46B, gari la feni ambalo halikurudi tena kwenye mbio za Formula 1 baada ya ushindi huo. Kwa hiyo unapoendesha X2010 au wadogo zake, unaendesha wazo lililozuiwa kwa sababu lilifanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana gari hili nalithamini kuliko mengi yenye sura nzuri zaidi.

Sasa uendeshaji wenyewe, maana hapa ndipo wageni wengi hukata tamaa. Gari lenye mabawa hukandamizwa chini na hewa, na nguvu hiyo huongezeka kwa mraba wa kasi: ukienda kilomita 200 kwa saa, unapata mara nne ya ile uliyokuwa nayo kwenye 100. Maana yake ni kwamba gari lile lile ni magari mawili. Kwenye kona ya kasi linashika lami kwa namna usiyoamini, na kwenye kona ya taratibu linateleza kama gari la kawaida lenye injini kubwa mno. Mgeni hufanya kinyume: kona ya kasi anaogopa na kuachia mafuta, mkandamizo unapungua, gari linapoteza mshiko aliokuwa anauhitaji. Akifika kona ya taratibu, anajiamini kwa sababu gari limemzoesha kushika, anajikuta kwenye changarawe.

Breki nazo hubadilika. Katika gari la kawaida umezoea kukanyaga kwa kipimo karibu kile kile hadi uingie kona. Katika gari la mkandamizo mkubwa, kanyaga kwa nguvu zote mwanzoni, wakati kasi bado inakusaidia, kisha legeza kidogo kidogo kadiri kasi inavyoshuka. Usipolegeza, tairi zitajifunga au mfumo wa kuzuia breki kujifunga utafanya kazi muda wote na gari litakataa kupinda. Hili ni jambo la kidole au mguu, halisomeki, linazoeleka. Tumia uwanja wenye kona za aina zote mbili. Suzuka ya Japani inafaa sana: kona za S zinataka imani, kona ya 130R inataka imani kubwa zaidi, na ile kona kali ya kugeuka nyuma haitaki imani yoyote.

Gari la feni linavuruga hesabu hiyo, kwa sababu mfyonzo wake hautegemei kasi peke yake. Hata kona ya taratibu inashika. Ndiyo sababu nasisitiza usianze nalo. Ukilizoea kwanza, mikono yako itajifunza uongo ambao gari lingine lolote litaukataa. Anza na gari la kawaida linalosukumwa na magurudumu ya mbele, panda hadi magari ya Gr.4 na Gr.3 (makundi ya magari ya mbio ndani ya gemu, Gr.4 likiwa la polepole kuliko Gr.3), onja Gr.1, kundi la magari ya kasi zaidi, halafu njoo huku. Ukitaka kuonja mapema, X2014 Junior, mdogo wa X2010, ni mpole kuliko ndugu zake.

Magari ya umeme na yale ya mseto, yenye injini ya mafuta na mota za umeme, yana ugumu wake mmoja: nguvu inafika mara tu ukigusa kichapuzi. Toka kwenye kona usukani ukiwa umeanza kunyooka, basi. Ferrari Vision Gran Turismo ya mwaka 2022 ina injini ya V6 yenye nguvu za farasi 1,030, na mota tatu za umeme zinazoongeza nguvu za farasi 326. Usijaribu kushindana nayo kwa ukali.

Ferrari hiyo ni sehemu ya mradi wa Vision Gran Turismo, ambao Polyphony Digital, kampuni inayotengeneza Gran Turismo, iliuanzisha mwaka 2013 kuadhimisha miaka 15 ya mfululizo huu. Kampuni za magari zilialikwa kubuni gari zinavyotaka, na ya Mercedes-Benz ikatangulia. Kilichofuata kinatofautiana sana, na ni hapa swali langu la kanuni linapofanya kazi. Mazda LM55 ni salamu kwa 787B, gari namba 55 la Mazda lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991, na unaihisi heshima hiyo katika kila mstari wake. Bugatti ilionyesha gari lake Frankfurt mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikaja Chiron yenye uso wa ukoo ule ule. Hyundai N 2025 iliuliza mbio za uvumilivu zingekuwaje kwa haidrojeni. Haya yote yana hoja.

Chaparral 2X ni ngumu zaidi kuihukumu. Inasukumwa na leza, na dereva analala kifudifudi, kichwa mbele. Wengi huicheka. Mimi naitetea: jina la Chaparral lilijengwa na watu waliojaribu mabawa na feni wakati wengine wanaogopa, na gari la kuwaenzi ambalo lingekuwa la woga lingekuwa tusi. Tomahawk X ya SRT, chapa ya magari ya kasi ya Marekani, yenye nguvu za farasi 2,590 na dereva anayehitaji vazi maalumu la kustahimili mvuto, siitetei kwa moyo huo huo. Hapo kilichoondolewa ni kikomo cha namba tu, na baada ya mizunguko michache hakuna jipya la kujifunza.

Kuhusu lile lalamiko kwamba magari haya yanachukua kazi ambayo ingeleta magari halisi, nalikubali nusu. Kosa kubwa zaidi naliona kwingine: mengi yamewekwa Gr.X, kundi la yasiyoingia kokote, kwa hiyo unalinunua na huna mbio za maana za kuliingiza. Yalipopewa uwanja wa haki yalipendeza. Mwaka 2019, X2019 Competition ilitumika katika mashindano ya dunia ya Gran Turismo, kila dereva na gari lile lile, na tofauti iliyobaki ilikuwa ya mikono. Baadhi yake pia yana matoleo ya Gr.1, kama LM55, Bugatti na Hyundai, na hayo ndiyo ningekushauri ununue kwanza kwa sababu utapata wapinzani wa kukimbia nao.

Mtandaoni, wachezaji hukutana katika vyumba vya mbio; soma masharti ya chumba kabla ya kuingia na gari la namna hii. Kasi yake ya kufika kwenye kona ni tofauti kabisa na ya wenzako, na dereva wa Gr.3 anayekuona nyuma kwenye kioo hana muda wa kukadiria utampita upande gani. Ukijikuta katika chumba cha mchanganyiko, ni wewe mwenye kasi unayepaswa kusubiri mstari ulionyooka. Na kabla ya kualika wengine, weka chumba chako cha gari moja kwa wote, tairi zile zile, Suzuka au Spa ya Ubelgiji, mizunguko kumi hivi. Kwa masharti hayo hata wanaoyachukia magari haya huwa wanaomba mbio ya pili.