Jibu: chanjo na magonjwa miji ya Uingereza, miaka ya 1900

Mkuu, umeuliza kwa nini ripoti za mganga wa afya wa wilaya za miji kule Uingereza zinataja wagonjwa wa ndui lakini kuhusu chanjo ziko kimya. Ni kwamba kazi hizo zilikuwa na wenyewe wawili.

Magonjwa yalikwenda kwa halmashauri. Sheria ya 1889, iliyosambazwa nchi nzima 1899, ilimtaka daktari atoe taarifa ya kila mgonjwa wa ndui, dondakoo au homa ya matumbo, na alilipwa shilingi 2 na peni 6 kwa mgonjwa wake binafsi (motisha hiyo!). Surua haikuwemo, kwa hiyo usishangae kuikuta kwenye vifo tu.

Chanjo ilikuwa chini ya bodi za kusaidia maskini. Msajili wa vizazi alimpelekea ofisa chanjo majina ya watoto, naye akaandika nani kachanjwa, nani kafariki, nani kasamehewa sharti la kuchanjwa. Hiyo safu ya msamaha iangalie vizuri: 1898 mzazi aliyepinga ilibidi awaridhishe mahakimu, ila kwa sheria ya 1907 tamko rasmi la kisheria lilitosha. Tafuta daftari za bodi.