Mwanangu, kuhusu wali wa Pasaka na lile kaburi la Kraków

Mwanangu mpenzi,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Ile unasema umepita mtaa wa Kazimierz hapo Kraków, Poland, ukaingia kwenye makaburi ya zamani ya Wayahudi, ukakuta watu wanaacha vijiwe na vikaratasi kwenye kaburi la rabi mmoja, alafu ukaniuliza kuhusu rafiki zako wawili wa chuo, wote Wayahudi, dini moja Torati moja, mbona wiki ya Pasaka yao yule ambaye wazee wake walitoka Iraki anakula wali kama kawaida na yule wa asili ya Poland hagusi wali wala maharage. Nimekaa na kalamu kabisa maana jibu lako ulikuwa umesimama mbele yake. Ni yule yule mwenye kaburi.

Anaitwa Moses Isserles, Wayahudi wanamwita Rema kwa ufupisho wa jina lake, alifariki hapo hapo Kraków mwaka 1572. Sinagogi iliyo pembeni ya makaburi ni baba yake aliyeijenga.

Tuanze na wali. Pasaka kinachokatazwa kwenye Torati ni chachu, na wanazuoni wao walisema chachu inatoka kwenye nafaka tano, ngano na shayiri na wenzao. Mchele haumo, maharage hayamo, dengu hazimo. Ila kule Ufaransa na Ujerumani tangu karne ya 13 watu walianza kujizuia navyo, kwa sababu punje za ngano zinajichanganya humo, na unga wake ukiuangalia unafanana na wa ngano, sasa we mwenyewe umekua unachambua mchele kwenye ungo unajua vitu tunavyovikuta mle. Ikawa mila, watoto wakaikuta kwa mama zao na wao wakawarithisha wa kwao mpaka ikahamia Poland. Hao ndo wanaitwa Waashkenazi. Wale wa Hispania na nchi za Waarabu wao hawakuwa na mila hiyo.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja, Joseph Karo, mtoto wa Hispania, wafalme wa kule waliwafukuza Wayahudi 1492 akiwa bado mdogo, akahangaika na dunia mpaka akafika Safed kule Galilaya. Yeye akaandika kitabu cha sheria zote za kila siku, kuanzia unavyoamka asubuhi mpaka mambo ya ndoa, mirathi na biashara, akakiita Shulchan Aruch, yani meza iliyoandaliwa, kikachapwa Venice 1565. Njia yake ilikuwa anawapima wanazuoni wakubwa watatu wa sheria wa zamani, Alfasi, Maimonides na Asher ben Jehiel, wawili wakikubaliana basi hiyo ndo sheria. Ila angalia vizuri, wawili kati ya hao watatu ni wa upande wa Afrika Kaskazini na Hispania, ni mmoja tu aliyezaliwa Ujerumani. Kwa hiyo mara nyingi mila za Waashkenazi zinashindwa kwa kura mbili kwa moja hata kabla hazijasikilizwa.

Na hapa ndo ninapompendea Isserles. Alikuwa anaandika kitabu chake kikubwa cha sheria, kazi ya usiku na mchana, mara akapata habari kwamba Karo ameshatoa chake kikubwa cha kwanza, Beit Yosef, kinachofanya karibu kazi ile ile. Mwenyewe ameeleza alivyoshtuka, akaona jasho lake lote limepotea. Mwingine angeanza kumtukana mwenzie, au angechoma karatasi zake akae kimya. Yeye akasoma kitabu cha Karo chote, akakiheshimu, alafu akaona kuna kilichobaki. Hivyo Shulchan Aruch ilipotoka akaiongezea maneno yake, na nyongeza hizo akaziita Mapah, kitambaa cha meza. Karo ameandaa meza, yeye anatandika kitambaa ili na watu wa kwake waweze kukaa wakala.

Karibu mwaka 1570 Kraków ikaanza kuchapa vitabu hivyo viwili pamoja. Ukiufungua ukurasa utaona maneno ya Karo kwa herufi za mraba alafu katikati ya sentensi zake yanaingia maneno ya Isserles kwa herufi za mviringo, ndogo. Hayako pembeni kama hashiya za vitabu vya babu yako, yamo ndani kabisa. Karo anasema mchele unaruhusiwa, na mstari huo huo Isserles anasema kuna wanaokataza, na desturi ya Ashkenazi ni kujizuia, isibadilishwe. Ila anaongeza kwamba vikidondokea chunguni chakula hakiharibiki, na kuviweka nyumbani hakuna shida. Kwa hiyo mwambie yule rafiki yako wa Poland, gunia lako la mchele likae kabatini kwa amani.

Wapo waliompinga. Chaim ben Bezalel, waliyesoma naye mji wa Lublin kwa mwalimu mmoja, alikasirika sana, aliona sheria ukiifungia kwenye kitabu kifupi marabi watazoea kusoma jibu badala ya kufikiri. Hoja nzito, mi siidharau. Lakini watu walishachagua, na bila kile kitambaa nadhani Waashkenazi wasingeikubali meza ya Karo kabisa.

Sasa nikwambie kisa ambacho ndo kimenifanya nimpende huyu mtu, wali ulikuwa utangulizi tu. Kulikuwa na binti yatima Kraków. Baba alimchumbia mume alafu akafa kabla ya harusi, mama hana, ndugu wakageuza nyuso, akabaki mjomba wake tu ndo aliyemchukua nyumbani kwake. Kule upande wa mke ndo unaotoa mali ya ndoa. Ijumaa ya harusi ikafika, kila kitu tayari, na theluthi moja ya mali haijapatikana, bwana harusi akagoma kuingia. Wakubwa wa mji wakambembeleza asimwaibishe binti wa watu kwa ajili ya pesa, hasikii. Jua likazama, Sabato ikaingia, na Sabato haifungwi ndoa. Walipokuja kuelewana usiku umeshaingia kwa muda wa kama saa moja na nusu, na Isserles akasimama akawafungisha ndoa usiku ule ule.

Mi niliwahi kumwona bibi harusi wa namna hiyo nikiwa msichana, wazee barazani wanabishana pesa mpaka usiku, yeye ndani na piko lake mikononi, taa ya chemli, anasikia kila neno. Uso wake sijausahau mpaka leo.

Mji ulinong'ona, ikabidi Isserles aandike barua ndefu kujieleza, analeta dalili za wanazuoni waliowahi kuruhusu, anasema heshima ya mwanadamu ni kitu kikubwa na yule binti angebeba aibu ile maisha yake yote, ingawa watu wajitahidi wamalize mapema yasitokee tena. Na hakuishia kwenye barua. Kwenye sheria za Sabato, pale Karo anapokataza, ameingiza kwa zile herufi zake ndogo kwamba shida ikizidi ruhusa ipo, na ametaja mfano wa Ijumaa ambayo watu hawajakubaliana mali mpaka usiku.

Ukipita tena Kazimierz niwekee kijiwe na mimi pale, alafu nipigie picha.

Mama yako