Nondo wa usiku mmoja, tarehe mbili: niandike ipi?

SWALI: Naishi Rau, Moshi. Nimetega ndoo yenye faneli na taa ya urujuanimno bustanini, jirani na migomba. Nawasha saa 1 jioni, nazima saa 12 asubuhi, kisha nahesabu nondo. Niandike tarehe ya jioni au ya asubuhi? Na mbona wiki jana walikuwa wengi, wiki hii wachache, wakati sijagusa kitu? – Mwalimu mstaafu

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Umenifurahisha, maana mimi nikimwambia fundi kwamba nahesabu nondo, anadhani namwaga zege.

Tarehe ndiyo inayoharibu madaftari mengi. Sisi husema "usiku wa kuamkia Ijumaa", yaani tunaegemea asubuhi. Wanaorekodi nondo kwa kawaida huandika tarehe ya jioni, mtego ulipowashwa. Wewe andika zote mbili: 14/15 Machi. Hapo hakuna wa kukuuliza. Na saa 2 iandikwe saa 2 usiku, kwa sababu simu yako inasema 20:00.

Kuhusu kupungua, kabla hujailaumu balbu tazama juu. Mwezi ukiwa mpevu, taa yako inashindana na mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria wanalijua hilo siku nyingi: mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti kitu, wanapumzika. Basi ongeza safu ya mwezi, na nyingine ya mawingu, upepo na baridi. Umeme ukikatika saa 4 usiku ukarudi saa 9, andika muda ambao taa iliwaka kweli. Usiku wa sifuri nao uandikwe sifuri. Ukiacha wazi, mwakani hutajua kama ulikosa au hukutega.

Ndani ya ndoo weka trei mbili za mayai, zile za karatasi. Nondo hujibanza kwenye vishimo vyake badala ya kupigana mabawa hadi wachakae. Fungua jua halijapanda, kabla shorewanda na mijusi hawajaanza kukupunguzia hesabu. Ukikuta nondo mkubwa wa kijivu kama gome la mti, mguse taratibu. Akifunua mabawa utaona tumbo lenye mistari ya waridi na nyeusi. Huyo ni Agrius convolvuli, ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Mwandike kwa jina bila wasiwasi.

Wale wadogo wa kahawia ndio mtihani. Tangu kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, aonekane Afrika mwaka 2016, kila nondo wa kahawia anasingiziwa. Nondo dume wa kiwavijeshi huyo ana baka jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Jike hana, na anafanana na wengi. Andika tu "kahawia, hajatambuliwa, 11", piga picha na rula kando.

Ukimaliza, waachie kivulini mbali kidogo na ndoo, la sivyo kesho utahesabu wale wale.